Tisini na Saba kwa Mia

Kaka yangu alikufa akiwa ametengeneza vipande thelathini na nane vya gari, na gari lenyewe halikuwepo. Watu waliokuja kutupa pole walivikuta vimeegemezwa ukutani uani, kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye bomba la maji, wakadhani ni mabati ya kuezekea. Mama mmoja aliniuliza kama tulikuwa tunajenga. Nilimjibu ndiyo, kwa sababu maelezo yalikuwa marefu na mimi nilikuwa nimechoka. Ninayaandika sasa, kwa kuwa nimeanza kuchanganya lipi lilitangulia lipi, na sitaki kuchanganya.

Alikuwa fundi bodi. Miaka thelathini na mmoja alinyoosha magari ya watu yaliyogongwa, na wenzake walimwita Pasi, kwani bati likipita mikononi mwake lilitoka kama shati lililopigwa pasi. Hakuwa mtu wa kusifiwa. Ukimwambia kazi ni nzuri, atatafuta kasoro akuonyeshe. Jambo moja tu lilikuwa likimla moyoni: hakuwahi kutengeneza gari zima. Alikuwa akisema kwamba kazi yake ni kufuta makosa ya madereva, na akiifanya vizuri hakuna atakayejua kwamba alipita hapo.

Gari alilolipenda lilikuwa moja, lile dogo la zamani ambalo kiwanda chake kilifungwa kabla mimi sijaanza shule. Mafundi huliita Bata, kwa jinsi linavyotikisa matako likikata kona. Yeye alikuwa nalo, au niseme alikuwa na mabaki yake: chesisi, injini iliyokubali kuwaka, paa na milango. Chini kote kutu ilikuwa imekula, na mbele lilikuwa limegonga ukuta. Lilikaa chini ya turubai katika uwanja wa Cheche, mchomeleaji, rafiki yake wa siku nyingi, mitaa minne kutoka kwetu. Kwetu ni kwangu. Alihamia vyumba vyangu viwili baada ya mke wake kuondoka, na hakuna aliyewahi kuzungumzia kuhama tena.

Kisha daktari akamwambia kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la pati ya kuzibia mabati na la rangi, na kwamba aache karakana. Kaka akauliza amebakiwa na muda gani. Daktari alizungukazunguka, mwishowe akasema akijitunza ni mwaka, labda na miezi kidogo juu yake. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha plastiki uani, akaniita.

"Mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga safari. "Mwaka unamtosha Bata."

Kilichokosekana ni kitabu.

Kuna kitabu kimoja cha gari lile, kilichoandikwa na mhandisi aliyelifanyia kazi kiwandani ujana wake wote. Kina kurasa zaidi ya mia sita, na nyuma ya jalada kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna karatasi arobaini na mbili zilizokunjwa. Ukikunjua moja utakuta imechorwa kipande cha bodi kwa ukubwa ule ule wa bati lenyewe. Mafundi huziita paterni, kama za washonaji. Hazina namba za vipimo. Unaibandika karatasi juu ya bati, unakata, unakunja palipoandikwa kunja, unagonga palipoandikwa gonga. Kilichapwa mara moja tu, nakala mia kadhaa, na katika mji wetu ilijulikana nakala moja, ya Mzee wa Rangi.

Mzee wa Rangi alipaka magari rangi mpaka macho yalipomkataa. Kitabu alikiweka juu ya meza yake peke yake, kimefunikwa kitambaa, na masharti yake yalijulikana na kila mpenzi wa Bata: unanawa kwa sabuni, unajikausha, unakaa, unasoma. Huandiki chochote wala huweki karatasi juu yake ukafuatisha mistari, kwa kuwa penseli inakandamiza. Zamani kaka alimwomba ruhusa ya kuzipiga kopi zile karatasi. Alinisimulia kwamba Mzee alimtazama kama mtu aliyeombwa figo. Tena Mzee aliishi ghorofa ya tatu, na kaka sasa alikuwa akipumzika mara mbili kati ya kitanda na choo.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kitabu kimetolewa upya, softikopi, cha kusomwa kwenye simu au tableti, nilikinunua siku hiyo hiyo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipopata kazi. Mimi ni mtu wa steshenari. Nachapa vyeti, mitihani, barua za maombi, ratiba za misiba. Nimeishia kidato cha nne. Sikuwahi kuwa na kitu ambacho kaka alikihitaji, hadi siku ile.

Alikipokea kama mtoto. Tableti ilikuwa ya zamani, niliachiwa na rafiki, na tatizo lake likawa moja: haikusikia vidole vyake. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imekufa kwa petroli, tindikali na miaka. Alikuwa akigusa, hakuna kitu. Anagusa tena, hakuna kitu. "Hii mashine inaniona maiti," alisema, akawa anafungua kurasa kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi. Alijifunza kutanua picha kwa vifundo viwili mpaka nati ndogo ikajaa kioo kizima, akaniita nije nione, kisha akamwita jirani naye aje aone.

Jumamosi moja nilimpeleka kwa teksi uwanjani kwa Cheche, na Mzee wa Rangi alikuwepo. Wapenzi wa Bata walikuwa wakikutana pale kubishana, na siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya kitabu. Cheche alimuuliza Mzee sasa atamtisha nani, kwa kuwa kila mtu atatembea na kitabu mfukoni. Mzee alisema hicho si kitabu, ni picha ya kitabu. Akasema ukimwonyesha mtu picha ya ugali hashibi. Kaka alicheka mpaka akakohoa, akamwambia picha hii inaonyesha hata vinyweleo vya msumari, ilhali kwake Mzee mtu anasoma kwa kuvizia kama mwizi wa kuku.

"Unaweza kuitanua, sawa," Mzee alisema. "Na ukubwa wake wenyewe ni upi?"

"Ukubwa wowote unaotaka."

"Basi haina."

Watu walicheka, mimi pia. Niliona ni maneno ya mzee mwenye wivu.

Paterni nilizichapa mwenyewe. Dukani tuna mashine kubwa ya karatasi za roli kwa ajili ya ramani za nyumba. Kwa kawaida anayeishika ni mwenzangu wa ramani, mimi nipo upande wa vyeti, lakini kazi hii sikutaka kumpa mtu. Nilizichapa saa za chakula cha mchana, siku nne mfululizo, kwa mipangilio ninayoitumia siku zote. Wino ulitoka mweusi safi. Pembeni mwa kila karatasi kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza na kamstari, nje kabisa ya mchoro, na kingo zilikuwa hazilingani. Sipendi karatasi yenye kingo mbaya. Nilizipitisha zote kwenye kisu cha kukatia, moja moja, hadi zikawa nadhifu, kisha vile vipande vya pembeni nikavitupa. Nilizifunga kwa utepe. Kaka alipozikunjua alipitisha kiganja juu yake, akasema, "Dada yangu ana mkono." Sikulala vizuri kwa furaha.

Alifanya kazi uani, amekaa. Hakuweza kusimama kwa muda mrefu wala kwenda kwa Cheche kila siku kujaribisha kipande kwenye gari, kwa hiyo alipanga kwa namna yake: atatengeneza vipande vyote kwanza, vidogo kwa vikubwa, halafu siku ya mwisho vitapelekwa pamoja na kuungwa. Alibandika karatasi kwenye bati kwa gundi ya unga, akakata kwa mkasi wa bati, akagonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Karatasi iliyobaki ilichanika au aliisafisha kwa maji. Majirani walizoea ule mlio. Ulikuwa mdogo, wa subira, tap, tap, kisha kimya cha mtu anayetafuta pumzi, kisha tap.

Mwezi wa nne alitengeneza sehemu inayoshika taa ya nyuma. Alikuwa na taa halisi, akaijaribisha, haikuingia kwenye tundu. Aliizungusha, akaitazama, akasema hii lazima iwe ya toleo la baadaye, walikuwa wakibadilisha taa kila mara. Akachukua tupa, akalipanua tundu kwa siku mbili hadi taa ikaingia. Nilikuwa nimekaa kando yake nikimenya vitunguu. Nilimwona akipanua.

Ilimchukua miezi kumi na moja. Vipande thelathini na nane. Vinne hakuvihitaji, kwa sababu paa na milango ilikuwa mizima.

Siku ya kuunga Cheche alikodi mkokoteni, akavipeleka vyote vimefungwa kwa magunia visikwaruzane. Aliondoa turubai akasema leo Bata anavaa suruali. Kaka alikaa kwenye kiti, amenyoa ndevu, amevaa ovaroli safi. Walianza na kizingiti cha mlango wa kushoto. Cheche alishika mbele, kaka akainuka akashika nyuma. Mbele kilikaa. Nyuma kikaacha pengo.

Walidhani ni cha kulia. Wakachukua cha kulia, pengo lile lile, vidole vitatu. Wakajaribu sakafu, ikaelea katikati kama mkeka mdogo kwenye chumba kikubwa. Madigadi ya mbele, matundu ya bolti hayakukutana. Cheche alikuwa akiongea mfululizo tangu asubuhi, na nilijua mambo yameharibika aliponyamaza. Baadaye akasema wanaweza kuunga viraka.

"Kila kipande, Cheche?" kaka akauliza.

Cheche akasema basi huenda kitabu kimekosea. Kaka akasema aliyeandika kitabu alilizaa gari hili. Kisha akageuza mikono yake, akaitazama viganja, akaitazama na kwa nyuma, kama kitu alichokiazima kwa mtu.

"Imeniacha," akasema. "Na haikuniaga."

Nilimrudisha nyumbani, na vipande vikarudi siku iliyofuata kwa mkokoteni ule ule.

Yaliyofuata ndiyo niliyoyaelewa vibaya. Kaka aliacha kazi, hakuigusa tena. Nyundo, mkasi na tupa alimpa Cheche awagawie mafundi wake. Alikaa uani akisikiliza redio, akalala mchana, akala vizuri kidogo. Nilipomuuliza alisema mtu akizeeka meno yanang'oka, kwake imeanza kung'oka mikono. Aliitania mbele ya wageni. Mimi niliona ni mtu aliyekata tamaa, na kila nikimwona amekaa ametulia hivyo, niligeuka nikarudi jikoni.

Siku moja kazini nilimsimulia mwenzangu wa ramani. Nilitaka tu mtu anisikilize. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nilichapa kwa mpangilio gani. Nikamwambia huu wa siku zote. Akavuta kiti, akanionyesha kwenye skrini kijisanduku chenye alama ya tiki, ambacho sikuwahi kukigusa tangu niajiriwe. Kazi yake ni kuupunguza kidogo mchoro wa kila karatasi, ili kingo zisikatwe na mashine. Kwa cheti haina neno, nani anapima cheti? Kwa ramani yeye huiondoa kila mara.

"Hukuiondoa?" akaniuliza.

Alifungua kitabu changu, akachapa paterni moja kama nilivyochapa mimi. Pembeni, nje ya mchoro, kulikuwa na ule mstari, na maandishi yake nikayasoma kwa mara ya kwanza. Yalisema mstari huu una urefu wa sentimita kumi. Upime kabla ya kukata bati. Aliweka rula. Sentimita tisa na milimita saba.

"Tisini na saba kwa mia," akasema, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye jeneza.

Sikungoja saa za kutoka. Nilichukua ile karatasi na rula, nikaenda nyumbani mbio, na njiani nilikuwa, nakiri, karibu na furaha. Nilikuwa namletea mikono yake.

Nilimweleza yote uani. Tiki, mashine, mstari, kisu cha kukatia. Alivaa miwani, akapima mstari mara mbili. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonishinda.

"Hii umeichapa lini?"

"Leo."

"Ukiiambia mashine ichape ndogo, inachapa ndogo?"

"Inachapa."

"Na kubwa?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Tulipokuwa wadogo," akasema, "ukivunja kikombe, nani alisema kavunja yeye?"

"Wewe."

"Leo unanilipa. Nashukuru, mdogo wangu. Lakini mikono ni yangu, naijua."

Niliapa. Akaniambia nisiape kwa ajili ya bati. Nikatafuta ushahidi, na hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyofuta nyayo zangu. Karatasi za kwanza ziliishia kwenye gundi na maji. Vile vipande vya pembeni vyenye mistari nilivitupa mwenyewe, kwa unadhifu. Nilipima mabati yenyewe, moja moja, yeye akinitazama kwa huruma: nilipata urefu wa kila moja, lakini paterni hazina namba za kulinganisha nao. Hata vipande havikukubali kunishtaki. Kitabu chenyewe kwenye tableti hakikuwa na ukubwa wa kumwonyesha. Kilikuwa kikubwa kama kioo, na ukikigusa kinakuwa kingine.

Nilipanda kwa Mzee wa Rangi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nilimsimulia nikitazama sakafu, nikisubiri aseme, "Si nilisema?" Hakusema. Alikaa, akakitazama kitabu mezani chini ya kitambaa chake.

"Hakijatoka humu miaka kumi na tisa," akasema.

"Najua, Mzee."

"Jumapili mchana nitakuja. Meza iwe kavu."

Alikuja kwa teksi, kitabu amekipakata, kimefungwa shuka. Kaka wakati huo alikuwa kitandani zaidi kuliko nje, kwa hiyo tuliisogeza meza karibu na kitanda. Mzee alinawa bombani kwa sabuni, akaagiza na mgonjwa anawe, nikaleta beseni. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Akatoa kwenye mfuko karatasi ya kizingiti cha kushoto. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwenye mikunjo. Aliitandaza, na mimi nikaleta kizingiti chenyewe kutoka ukutani, nikakilaza juu yake.

Mbele vililingana. Nyuma, karatasi ikatokeza nje ya bati. Mzee aliweka vidole vyake pale palipotokeza: vidole vitatu. Kisha akaikunja, akaweka chini ile niliyoichapa tena dukani kwa tiki ile ile, ya kizingiti hicho hicho, na bati likakaa juu yake mwanzo mpaka mwisho, hapakuzidi wala kupungua.

Tulifanya hivyo kwa vipande vitano ambavyo nilikuwa nimechapa tena paterni zake. Kaka alipitisha kidole kwenye ukingo wa kila bati, palipokutana na mstari.

"Mikono yako haikukosea, Pasi," Mzee akasema.

Kaka alilala chali, akatazama dari. Nilisubiri uso wake ufunguke. Nilikuwa nimesubiri hilo kwa wiki tatu, nimepanda ngazi kwa ajili yake, nimejidhalilisha kwa ajili yake.

"Kumbe ningemaliza," akasema.

Mzee alitaka kumwachia kitabu. Namna alivyolisema neno lile ilinionyesha lilivyomgharimu. Kaka akamwambia achukue tu, yeye atakichafua. Mlangoni Mzee aliniambia nisilie mbele yake, akaondoka na kitabu kifuani, ndani ya shuka lake.

Jumatatu kaka aliomba bati. Nilikwenda kwa Cheche, akamnyang'anya fundi wake nyundo ya mbao, akanipa bila kuniangalia. Nilichapa upya kipande kimoja tu, kidogo kuliko vyote, kifuniko cha tundu la mafuta, kinachotosha kwenye kiganja. Safari hii niliondoa tiki. Niliacha kingo. Alipima mstari: kumi kamili. Nilimwegemeza kwa mito, nikamwekea mfuko wa mchanga mapajani. Aligonga mara saba, nikazihesabu, kisha kikohozi kikaja na kikakaa mpaka saa tisa. Jumanne aligonga mara nne. Jumatano alikishika kile kibati akakizungusha, akaniomba niitoe nyundo chumbani, niiweke asipoiona.

Redio hakuitaka tena. Wageni walipokuja hakutania. Alilala akitazama dirisha linaloelekea uani, ambako vipande vyake vilikuwa vimesimama, na mara mbili au tatu kwa siku nilimsikia akilisema lile neno moja, si kwa hasira, kama mtu anayejikumbusha deni la mtu mwingine. Kumbe.

Alhamisi, nikimbadilishia shuka, aliniuliza.

"Kwa nini uliniambia?"

Hakuniuliza kwa ukali. Nafikiri alitaka kujua kweli.

"Nilikuwa nimeshazoea," akasema. "Mikono imezeeka, basi, nimezoea. Nilikuwa nalala. Sasa nikifunga macho namwona Bata amesimama barabarani."

Nilitaka kumwambia nilifanya kwa ajili yake. Lakini masikio yake yalikuwa bado mazima, na mimi tangu utoto sikuweza kumdanganya. Nilishindwa kubeba peke yangu, hilo ndilo jibu. Nilimtwisha mgonjwa ili mimi nipumue. Nilikunja shuka chafu nikatoka nalo, na hakuuliza tena. Wala hakunilaumu kwa kuchapa. Kuhusu lile la kuchapa aliniambia mara moja tu kwamba hata yeye angezikata zile kingo, zilikuwa zinaudhi.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya Mzee kuja.

Baada ya arobaini kupita, Cheche alikuja na mkokoteni kuviondoa vipande uani. Chesisi na injini tulikubaliana abaki nazo yeye. Nilimuuliza kama kuna mwenye Bata mahali popote anayeweza kuvitumia vile vipande, hata kimoja, hata bure. Alivua kofia, akajikuna.

"Dada, hivi havifai gari lolote duniani."

Alianza kuvipakia. Alichukua kizingiti, akachukua na sakafu ya upande ule ule, akataka kuviweka pamoja ili visichukue nafasi. Akasita. Alivilaza chini kwenye saruji, akavisogeza kwa mguu, kisha akapiga magoti akavisogeza kwa mikono. Viliingiana; kwa gari vilikuwa vidogo, lakini vyenyewe kwa vyenyewe vililingana. Alileta kipande cha tatu, kikaingia. Alipitisha ukucha kwenye maungo, akajaribu kuchomeka ncha ya msumari, haikupita popote.

Mimi nilisimama na funguo za ua mkononi. Cheche akavitenganisha, kimoja kimoja, akavipakia, nikamfungulia geti.